Mbona muvi kwenye TV mpya inakuwa kama tamthilia? Na maswali yenu mengine ya mwezi huu

Haya wadau, meseji zenu zimefika. Mwezi huu nyingi zinauliza kitu kilekile bila wenyewe kujua, yaani mmoja kaandika kuhusu TV, mwingine katuni, mwingine video ya wimbo, kumbe wote shida yao ni picha ngapi zinapita kwenye sekunde moja. Kwa hiyo naanza na hao, halafu tutaenda kwenye powerbank, Wakanda (ile nchi ya kubuni ya Black Panther) na ugomvi wa kijiweni.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimejichanga nikanunua TV ya inchi 55, sasa kila nikiweka muvi za Kimarekani naona kama feki flani hivi, waigizaji kama wapo kwenye tamthilia, yaani naona kabisa hii ni seti na huyu kapakwa poda. TV yangu ya zamani haikuwa hivi. Muuzaji ananiambia ndo ukali wenyewe huo, nikae nayo macho yatazoea. Nisubiri? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Usizoee chochote kaka, chukua rimoti. TV yako nzima kabisa, ila imewashiwa kitu ambacho kwenye muvi hakitakiwi.

Iko hivi. Muvi karibu zote unazozijua zinapigwa picha 24 kwa sekunde. Enzi za muvi bubu kila mtu alikuwa na spidi yake, mpiga kamera anazungusha kwa mkono, leo haraka kesho taratibu, na mtu akionekana anatembea mbiombio hakuna aliyelalamika. Ila sauti ilipoanza kuchapwa pembeni mwa mkanda, mwishoni mwa miaka ya 1920, ikabidi spidi iwe moja, maana jicho linasamehe lakini sikio halisamehe, mkanda ukiyumba kidogo tu mtu mzima anaongea kama katoto. Wakatulia kwenye 24, sauti inasikika vizuri na mkanda hauishi haraka sana, si unajua mkanda ni hela.

Sasa upande wa pili una tamthilia, mechi, taarifa ya habari, na zile muvi za Bongo za mwanzo zilizopigwa na kamera za video, huko mwendo ulikuwa mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea na nchi. Ndo maana kichwani kwako kuna ladha mbili toka utoto, mwendo wa kukatika kidogo unaujua ni sinema na mwendo wa kuteleza unaujua ni TV, hakuna aliyekufundisha ila unajua. TV yako inapokea picha 24, inaona chache, inaanza kutunga za kwake. Inaangalia picha hii mkono upo huku, picha inayofuata mkono upo kule, basi inachora ya katikati ambayo hakuna kamera iliyowahi kuiona. Ukitaka kuikamata ikidanganya tafuta sehemu mtu anapita haraka mbele ya nondo za dirisha au uzio, angalia pembeni ya mwili wake, utaona kama ukungu unachemka hivi na nondo zinapinda kidogo halafu zinanyooka. Hapo imekisia ikakosa.

Na sio wewe peke yako unayekerwa. Mwaka 2018 Tom Cruise alirekodi kavideo akiwa na dairekta Christopher McQuarrie kuwasihi watu wazime hicho kitu majumbani. Kabla yake, 2012, Peter Jackson alileta The Hobbit iliyopigwa picha 48 kwa sekunde, hiyo hakuna TV iliyotunga ni kamera yenyewe, na bado watu wengi walitoka ukumbini wanasema kama wameangalia igizo la televisheni, mandevu ya bandia yanaonekana ni ya bandia kweli.

Kuzima: ingia setingi za picha, tafuta kitu chenye neno motion. LG wanaita TruMotion, Samsung ni Auto Motion Plus au kwenye za karibuni Picture Clarity, Sony ni Motionflow. Weka off. Kama TV yako ina Filmmaker Mode, iliyotangazwa 2019, bonyeza hiyo tu inazima takataka zote kwa mpigo, ila picha itakuwa ya njano njano na giza kidogo ukilinganisha na ulivyozoea, ipe muda HIYO ndo ya kuzoea. Siku ya mechi ukitaka kurudisha rudisha, kwenye mpira mimi sina ugomvi nayo.

SWALI: Shikamoo. Mdogo wangu ameletewa ile katuni ya Spider-Man ya mtoto mweusi kwenye flash, Into the Spider-Verse. Buibui mwenyewe anakwama kwama akitembea ila magari na majengo nyuma yake yanaenda freshi. Aliyetujazia anasema faili zima. Anatuzuga? (Dada wa Moshi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakuzugi, mwache jamaa wa watu apumue.

Hiyo ni moja ya vitu vitamu kuliko vyote vilivyowahi kufanywa kwenye katuni na nilikuwa nasubiri mtu aniulize. Sekunde moja ya muvi ina nafasi 24 si ndio, sasa wachoraji walimpa Miles, yaani huyo dogo buibui wenu, sehemu kubwa ya mwanzo pozi 12 tu, kila pozi linakaa nafasi mbili ndo linabadilika, wakati kamera na vitu vingine vinakwenda na 24 zake zote. Makusudi. Dogo bado hajajua kuwa buibui, mwili wenyewe bado haumtii. Nenda kwenye ile sehemu ya msituni anapojifunza kuning'inia na Peter, yule Spider-Man mzoefu, mzee Peter ananing'inia na pozi 24 anateleza kama maji, Miles pembeni yake ana 12 anachechemea, wapo fremu moja lakini kila mmoja ana mwendo wake! Halafu kadri anavyoiva na mwendo unalainika, na hakuna mtu kwenye muvi anayekwambia hilo kwa mdomo.

Simamisha picha sehemu yoyote uangalie vizuri. Kwenye vivuli kuna vidoti vidogo vidogo kama komiki za zamani zilizochapwa kwenye karatasi ya bei rahisi, na vitu vya mbali havina ukungu wa kamera, badala yake rangi zimeachana kidogo, nyekundu imesogea huku bluu kule, kama gazeti lililochapwa vibaya. Muvi ya 2018, ikabeba Oscar ya katuni mwaka uliofuata, na mmoja wa madairekta wake watatu, Peter Ramsey, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuishika hiyo. Miles mwenyewe ni wa juzi tu, alizaliwa kwenye komiki 2011, kazi ya Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli.

Ila dada, muvi mnaangalia kwenye TV gani? Maana kama ni mpya na ile motion ya kaka wa Tabata imewashwa, basi TV inajaribu kumnyoosha Miles kwa nguvu, inachora pozi ambazo wachoraji waliziacha makusudi, hapo mnapata uji. Zimeni kwanza muirudie.

SWALI: Oya bro, mi napiga video za wasanii wachanga huku Mwanza, natumia simu. Nikiweka slomosheni mdomo wa msanii unaachana na wimbo. Sasa mbona kwenye video za wakubwa nywele zinapepea taratibu, maji yanaruka taratibu, ila mdomo upo kwenye beat?? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Mdogo wangu, kwa sababu siku ya kushuti msanii hakuimba wimbo unaousikia, aliimba wimbo uliopandishwa spidi.

Fikiria upo lokesheni. Video yako ya mwisho itakuwa picha 30 kwa sekunde, wewe unashuti 60, maana yake ukija kuicheza kwa 30 kila kitu kinakuwa taratibu mara mbili, mpaka mdomo. Dawa yake wimbo kwenye spika unaucheza mara mbili ya spidi, inakuwa sauti ya panya kabisa, watu wa pembeni wanacheka, msanii anapambana kufukuzia maneno. Ukirudi kwenye kompyuta unavuta picha chini mara mbili, unaweka wimbo halisi juu yake, mdomo unakaa palepale na nywele zinaelea.

Tatizo mara mbili ni kasi ya ajabu, mtu wa kurap atameza ulimi. Ujanja ni kushuti 30 halafu mwishoni ucheze kwa 24, hapo wimbo unapanda mpaka asilimia 125 tu ya spidi yake, anaweza kuufuata na mwendo unakuwa na uzito flani hivi ambao mtazamaji hajui unatoka wapi. Andaa faili la wimbo lililoongezwa spidi NYUMBANI kabla hujatoka, usije ukaanza kutafuta programu juani huku msanii anatoa jasho. Na mwanzoni weka mlio wa tik tik tik ili baadaye ujue pa kulinganishia.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Kundi la rap la Marekani, The Pharcyde, mwaka 1995 na dairekta Spike Jonze walijifunza kutamka wimbo wao mzima KINYUMENYUME, walimtafuta mtaalamu wa lugha awaandikie sauti zilivyo zikigeuzwa, wakashuti wanarudi nyuma barabarani wanatamka madudu, halafu video ikageuzwa, inaonekana wanatembea mbele wanaimba vizuri ila maji na nguo vina akili zao. Wimbo unaitwa Drop, utafute uutazame leo leo.

La mwisho kwako, najua utaniuliza tu: ile mistari myeusi inayopanda kwenye video ukishuti ndani. Umeme wetu ni Hz 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, taa nyingi za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, jicho halioni ila simu inaona. Ingia mode ya pro, shata (muda kamera inaofungua jicho kwa kila picha) iweke 1/50 au 1/100 ya sekunde, usiiache kwenye 1/60 inayojiweka yenyewe. Taa ikiwa mbovu sana bado itasumbua, hamia karibu na dirisha.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi wa Unguja ila niko Maskati kikazi. Nimenunua powerbank imeandikwa 20000, simu yangu betri 5000, nikategemea ijaze mara nne, kumbe inajaza mara mbili na nusu hivi ishazima. Nimedhulumiwa? Na mwenzangu ana ya 30000 anaambiwa atanyang'anywa uwanja wa ndege tukija likizo, kweli au maneno ya watu? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hujadhulumiwa, hiyo yako inafanya kazi vizuri tu.

Ile 20000 ni hesabu ya betri za ndani zikiwa kwenye volti 3.7, lakini waya wa USB wa kawaida unatoa volti 5, kwa hiyo umeme unapandishwa kwanza, ukifika kwenye simu unashushwa tena kuingia kwenye betri, na kila ukipanda na kushuka unaacha ushuru, ndo lile joto unalolisikia mkononi. Achana na hesabu za mAh, tumia wati saa: 20 mara 3.7 ni 74. Simu yako ni kama 19. Kwenye karatasi ni karibu mara nne kweli, ila toa ushuru wa njia mbili unabaki na mara mbili na nusu mpaka tatu hivi. Igeuze uangalie maandishi madogo mgongoni, nyingi za kweli huwa zinakiri zenyewe, utakuta wameandika 12000 na kitu kwenye volti 5. Isiyo na maandishi hayo na ni nyepesi kama boksi tupu, hiyo ndo ya kuiogopa.

Ya mwenzako: 30 mara 3.7 ni 111. Kwenye ndege mpaka wati saa 100 unapita bila maswali, kati ya 100 na 160 lazima shirika likukubalie kabla, kwa hiyo awapigie mapema asisubiri kubishana na askari. Na zote mbili ziende kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo unaotumbukizwa chini haziruhusiwi kabisa. Siku hizi mashirika mengine hata kuitumia humo ndani hawataki, ulizeni.

SWALI: Niaje buda. Nimeona Black Panther zote, sasa nataka kusoma komiki zenyewe lakini ni mob sana, nikianza mwanzo kabisa si nitazeeka? (Msomaji, Umoja, Nairobi)

JIBU: Poa sana. Usianze mwanzo kabisa. Mwanzo ni Julai 1966, Fantastic Four namba 52, ya Stan Lee na Jack Kirby, na ni kitu cha kuangalia kwa heshima tu, ukurasa mzima wa mashine za Kirby msituni unakuchanganya kichwa, ila maongezi ni ya kizamani mno. Killmonger, yule adui wa muvi ya kwanza, anaingia 1973 kwenye Jungle Action namba 6, humo kuna hadithi ndefu ya Don McGregor, maneno mengi kila ukurasa, mengine unaweza kuyaruka bila kupoteza kitu.

Wewe anza na Christopher Priest, 1998. Hapo ndo Okoye, Nakia na Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme, wote wanapoanzia, na T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, ni mwanasiasa mjanja anayekuwa hatua tano mbele ya kila mtu, hacheki hovyo hovyo. Inasimuliwa kwa kurukaruka nyuma na mbele, kurasa za mwanzo utapotea kidogo usiikimbie. Ukitoka hapo nenda ya Ta-Nehisi Coates ya 2016, ni nzito zaidi, anauliza hivi nchi yenye akili zote hizo inafanya nini na mfalme. Shuri, dada yake T'Challa, kama unamtafuta, yeye ni wa 2005 tu, sio wa kitambo kama watu wanavyodhani.

Kwenye muvi lile wanaloongea ni Kixhosa cha Afrika Kusini, wakati ramani ya Wakanda kwenye muvi hizo ipo kule upande wa Turkana, yaani jirani zako kabisa hao. Nadhani mngepewa walau mstari mmoja wa Kiturkana.

Na buda, una komiki ya Kenya, Shujaaz, hapo mlangoni. Tangu 2010, Sheng tupu, bure, na 2012 ikachukua Emmy ya kimataifa. Usivuke bahari ukaruka ya kwenu. Sisi huku Bongo tuliokulia kwenye jarida la Sani tukisubiri vibonzo vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa tunajua ladha ya komiki inayoongea kama mtaa wako, jarida lenyewe linapita mikono kumi mpaka gamba linatoka.

SWALI: Tuamulie ubishi. Mmoja hapa kijiweni anasema kuna wimbo wa Kiswahili wa kwenye gemu ulichukua Grammy. Tumemwambia aache kuvuta vitu. (Wana wa kijiwe, Tanga)

JIBU: Muombeni radhi na mumnunulie kahawa na kashata. Wimbo ni Baba Yetu, wa Mmarekani Christopher Tin, aliutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya 2005. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, wakaimba kwaya ya wanafunzi wa Stanford. Baadaye akauweka kwenye albamu yake ya 2009, na 2011 ukashinda, muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kubeba Grammy. Unakaa pale kwenye menyu ya mwanzo kabla hujabonyeza chochote, na najua watu ambao gemu walikuwa hawachezi, wanaiwasha tu wasikilize.

Nawaongezea wa kubishania kesho: Return of the Jedi ya 1983, ile ya Star Wars, yule rubani mwenye mashavu yaliyoning'inia anayekaa pembeni ya Lando, Nien Nunb. Kwenye anachoongea kuna Kikikuyu! Sauti ilitoka kwa mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich. Pigeni simu kwa mtu yeyote wa Nyeri awatafsirie.

Za fasta fasta:

Flash ya GB 64 inaonyesha 59.6, nimepigwa? (Mbeya) Hapana. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, kompyuta yako inahesabu kwa 1024, nafasi ni ileile. Ungeona 64 kamili au zaidi kwenye ya bei ya kutupa ndo ungeniita, hizo zinadanganya kompyuta, ukijaza zinaanza kufuta za mwanzo kimyakimya. Ijaribu na programu ya H2testw kabla hujaweka picha za harusi ya watu.

Muvi ya GB 6 inagoma kuingia kwenye flash ambayo ni tupu. (Dodoma) Flash ipo kwenye mpangilio wa zamani wa kuhifadhi unaoitwa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata ikiwa tupu namna gani. Ifomati exFAT, ila toa vitu vyako kwanza maana vinafutika, na hakikisha TV yako inasoma exFAT, za zamani nyingi hazisomi.

Picha ipo, sauti hakuna, muvi ileile kwenye laptop inaongea. (Kigoma) Sauti imefungwa kwa aina inayoitwa DTS, kuna TV kibao haziigusi. Tafuta kopi yenye sauti ya aina ya AAC au AC3, au chomeka laptop kwa HDMI.

Boksi la TV limeandikwa Motion Rate 120, hiyo ni sawa na Hz 120? (Arusha) Hapana! Mara nyingi kioo ni Hz 60, yaani kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na hiyo 120 ni jina la biashara. Tafuta maneno native 120Hz kwenye orodha ya sifa, sio kwenye picha ya mbele ya boksi. Na faida yake kwenye muvi ni hesabu ya darasa la tatu tu: 24 inaingia kwenye 120 mara tano kamili, kila picha inakaa sawa na mwenzake. Kwenye 60 inaingia mara mbili na nusu, sasa nusu ya picha utaiweka wapi, basi moja inaonyeshwa mara tatu inayofuata mara mbili, tatu, mbili, na kamera ikipita taratibu juu ya majengo unaona inadunda kidogo. Kuna TV za Hz 60 zinazojua kushuka zenyewe kufuata muvi, ila hilo muuzaji hatakuwa analijua, nenda na flash yako yenye kipande cha kamera inayotembea pembeni taratibu, mwambie azime motion, usimame mbele uangalie mwenyewe.